Salamu Sitini na Tatu za Loyce

Loyce ni mchora mabango pale Itigi, na ukipita njia ya stesheni huwezi kuukosa mkono wake. Kichwa cha mwanamke ukutani kwenye saluni ni chake, mbuzi mnene wa buchani ni wake, na chini kwenye kona, kwa rangi nyekundu, kuna jina lake. Jina hilo hakuliacha hata siku moja. "Mikono nimepewa na Mungu," husema, "lakini watu nao wajue alimpa nani."

Shoga yake Dorkas hufuga nyuki, na hakujaliwa kusoma. Kwenye simu yake ana programu ya wafuga nyuki, ile ya huria, inayotengenezwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Humwonyesha kwa picha sega lililoiva na lile bichi. Shida ni kwamba picha hizo mbili zilifanana kama mapacha. Msimu uliopita Dorkas alizitazama, akarina masega mabichi akidhani yameiva, na asali ndoo mbili ikachacha mpaka ikatoa povu.

"Nitazichora upya," Loyce akasema siku walipoimwaga. "Msimu mwingine haitamwagwa hapa."

Akajiunga na kundi la mtandaoni la watengenezaji, watu sitini na watatu. Juu kabisa palikuwa na ukurasa wa sheria. Hakuufungua. Yeye alifanya alivyolelewa: huwezi kumweleza mtu haja yako kabla hujamjulia hali. Kwa hiyo siku mbili nzima alimwandikia kila mmoja peke yake, kwenye simu yake. Bwana asifiwe, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mimi ni Loyce wa Itigi, ninachora vizuri. Aliyeonekana mtu mzima kwenye picha alimpa na shikamoo.

Siku ya tatu akafungiwa. Siku saba haruhusiwi kuandika neno.

Dorkas alicheka mpaka akashika mbavu. "Umefukuzwa kwa kusalimia! Ungeiba wangekuacha."

"Sikufukuzwa, nimesimamishwa. Hata kwaya husimamisha mtu, na akarudi akaimba."

Lakini alikuwa ameumia. Usingizi ulimpaa, akasali, na asubuhi akaufungua ule ukurasa, akausoma huku kidole kikifuata mstari kwa mstari. Anayetoa huduma ya uchoraji asimfuate mtu kwenye simu yake. Aiweke mara moja tu, kwenye ukumbi wa huduma, ule ukurasa unaosomwa na kundi zima. Aonyeshe kazi ya mkono wake mwenyewe. Aseme wazi kama ni ya kulipwa au ya kujitolea. Na akubali wengine kuibadilisha. Chini palikuwa na namba ya msimamizi, Calist. Akaipiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye yule wa salamu."

Calist akacheka kidogo. "Pole, mama. Sheria ilikuja kwa sababu watu walikuwa wanaingia kwenye simu za wenzao kutangaza kazi, mpaka wengine wakahama kundi."

"Kwa hiyo nikikuta watu niwapite tu kama mbuzi?"

"Hapana. Wasalimie pale ukumbini, mara moja."

Loyce akakumbuka wageni wa ibada ya Jumapili. Mgeni husimama mahali pake, husalimu mara moja, hutaja anakotoka, huketi. Hakuna anayezunguka benchi kwa benchi.

"Na jina langu kwenye kona?"

"Jina linakaa kwenye orodha ya waliochangia, mama. Kwenye picha hapana. Mwingine ataongeza kitu, au atapunguza."

Hapo ndipo palipouma kuliko kifungo. Dorkas, alipoambiwa, hakumsaidia. "Watamchorea nyuki wako masharubu."

"Wamchoree," Loyce akasema. "Ila sega waliache."

Siku saba zile alizitumia kuchora. Alikwenda na Dorkas vichakani, akalitazama sega lililoiva, lililofunikwa nta nyeupe, na lile bichi lenye vishimo wazi vinavyometameta. Akachora, akafuta, akachora tena. Kwenye picha ya mwisho mkono wake ulikwenda wenyewe konani na brashi ya rangi nyekundu. Akauondoa.

Siku ya nane aliipiga picha michoro yake, akaiweka ukumbini na kuandika: "Bwana asifiwe na salaam aleikum kwenu nyote. Mimi ni Loyce wa Itigi. Hizi nimechora mwenyewe, natoa bure, mnaruhusiwa kuzibadilisha." Kisha akaketi.

Picha zilipokelewa na kuingizwa kwenye programu wiki ileile. Mmoja alikoleza rangi ya nta, na Loyce, ingawa alikunja uso, alikiri ilipendeza.

Msimu ulipofika, jioni moja Dorkas alifukiza moshi, akafungua mzinga wake wa kwanza. Akatazama sega, akatazama simu, akarudi kwenye sega.

"Bado," akasema, akaufunika mzinga.

Loyce, aliyesimama mbali kwa kuogopa nyuki, akasema amina.