Magoti ya Binti Yangu

Mwalimu alimchagua binti yangu kwa sababu anajua kupiga magoti. Alinieleza hivyo mwenyewe, mlangoni mwa darasa, kwa uso wa kunipongeza. Walikuwa wanaandaa mchezo wa kuigiza kuhusu yule nahodha aliyevuka bahari kwa hela za malkia wa Hispania, eti akaigundua Amerika. Alihitajika mtoto wa kuwa mkuu wa wenyeji, apige magoti ufukweni na kumkabidhi nahodha kikapu cha matunda. Binti yangu, miaka tisa, aliwaonyesha tunavyofanya nyumbani, na wenzake wakampigia makofi.

Kosa lilikuwa langu. Sisi ni Wahaya, na hata kwenye fleti yetu ya kupanga Kilburn, huku ughaibuni, nilimfundisha kupiga magoti anapomsalimia mtu mzima au kumpa maji. Wageni kutoka Bukoba walimsifu mpaka nikavimba kichwa.

Nikamwambia mwalimu mwanangu hatapiga magoti. Akacheka kidogo, akasema ni mchezo tu wa watoto, na kama hataki anaweza kushika kitambaa cha buluu, awe bahari. Mimi nililelewa nikijua mwalimu hajibiwi. Siku hiyo nilimjibu. Nilimuuliza, hao wenyeji wanaishia wapi kwenye mchezo wake? Akasema mchezo unaishia ufukweni, kwa wimbo.

Nyumbani, binti yangu aliwaka, kwa Kiingereza chake kama kawaida. Mimi ndiye ninayempigisha magoti kwa kila mgeni, alisema, halafu leo nasema hapana? Akaniomba nisimtoe. Alikuwa hajawahi kupewa nafasi kubwa hivyo shuleni.

Nikazima jiko, nikamketisha.

"Shangazi unampigia magoti," nikamwambia, "na yeye anakushika kichwa, anakuuliza umeshindaje, shule inaendaje. Anakuheshimu na wewe. Huyu nahodha hakuuliza hali ya mtu. Aliuliza dhahabu iko wapi."

Nikamweleza yaliyofuata: wenyeji walivyotumikishwa, walivyokufa kwa kazi na kwa maradhi yaliyoletwa na meli, ardhi yao ilivyogawanywa na watu ambao hawakuwa wenye nayo. Walipopungua, meli zikaja Afrika kukamata wengine. Sikumpunguzia hata kidogo. Nilikuwa na hasira, na watoto wa wale waliokamatwa hawakupunguziwa.

Akaniuliza kama mwalimu anajua hayo. Nikamwambia anajua. Akaanza kuchuna ukucha.

Sikumtoa kwenye mchezo. Nilimwambia magoti ni yake, aamue mwenyewe.

Siku ya mchezo nilibadilishana zamu na mwenzangu hospitalini, nikakaa safu ya tatu na sare yangu ya kazi. Meli ya maboksi ikasukumwa hadi katikati ya ukumbi. Wenyeji watano wenye manyoya kichwani wakapiga magoti. Wangu akabaki amesimama na kikapu chake. Nahodha, kofia imemfika kwenye nyusi, akanyoosha mikono na kusubiri.

"Piga magoti, mpenzi," mwalimu akanong'ona kutoka pembeni, kwa sauti iliyofika mpaka kwetu.

"Kwanza aseme amekuja kufanya nini," binti yangu akajibu.

Nahodha akamtazama mwalimu. Hakuwa ameandikiwa jibu la swali hilo. Wazazi wakaanza kucheka, kile kicheko cha kumwona mtoto amesahau maneno yake, na nikaona macho yake yananitafuta kwenye viti. Nikajua sekunde chache zaidi za kicheko kile zingemshusha chini.

Nikasimama. Nyuma yangu baba mmoja mwenye kamera ya video akaniomba nikae, nimemziba.

Nikamwambia nitakaa mwanangu akishajibiwa.