Glavu ya hewa na nywele zisizosukwa

Saa mbili asubuhi, mtafiti anapuliza glavu kwa mdomo. Pampu ipo mezani na kompyuta imewashwa, lakini yeye ameweka mrija midomoni, anapuliza taratibu huku akitazama vidole vya mpira vikijikunjua kimoja kimoja. Akisharidhika kwamba hakuna kinachovuja, ndipo anaiunganisha na pampu.

"Pampu haina adabu," anasema akicheka. "Lazima nitangulie mimi."

Wenzake maabarani wanamwita Fundi Puto, naye anaitika. Kazi yake ni kuongoza roboti laini, zile zisizo na chuma wala mifupa, zinazosogea kwa kujazwa hewa. Roboti ya chuma ukiiambia isimame, inasimama. Ya mpira inapitiliza kidogo, inayumba, kisha inatulia inapotaka yenyewe. Kuifundisha utii ndiko kulikomzeesha, anadai, ingawa hajafika hata arobaini.

Kichwani amejifunga kitambaa. Ukimuuliza habari za kitambaa hicho, anainama kidogo. Chini yake kuna nywele ambazo hazijasukwa tangu mama yake apate kiharusi, miaka minne iliyopita.

"Nimezoea mkono mmoja tu," anasema. "Wengine wananivuta."

Mama alikuwa msusi wa mtaa mzima. Kigoda chake kilikaa karibu na mlango, redio ikizungumza kwa sauti ya chini, na binti akikaa sakafuni katikati ya magoti ya mama. Mama alishika shina la nywele kwa mkono mmoja, akaanza kuchana kwenye ncha, akipanda juu kidogo kidogo. Nywele zikikaza, alisubiri, akazirudia. Watoto waliolia kwa wasusi wengine, kwake walilala.

"Nilikuwa nasinzia kabla hajafika katikati," mtafiti anakumbuka. "Usingizi ule sijaupata tena mahali popote."

Kiharusi kiliufunga mkono wa kulia ukawa ngumi. Wateja walikuja kutoa pole, kisha wakapungua, kisha wakahamia kwingine. Kigoda kikasukumwa nyuma ya mlango.

Binti aliacha utafiti wa roboti ya kuchuma matunda, akaanza kutengeneza glavu ya kufungua ngumi hiyo. Aliijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, ikafanya kazi vizuri, wenzake wakampigia makofi. Akaipeleka nyumbani kifua mbele.

Hapo ndipo alipoumbuka. Programu yake, kila ilipoona kidole hakijanyooka, iliongeza hewa. Na ngumi ya mgonjwa wa kiharusi, kadiri unavyoivuta kwa haraka, ndivyo inavyozidi kukaza. Glavu ikavuta, ngumi ikakaza, glavu ikaongeza. Mama hakupiga kelele, machozi tu yalimtoka.

"Mwanangu, huo mkono wako una hasira," alimwambia. "Usiniletee tena."

Mtafiti alikuwa ameifundisha glavu kwa mkono uliokubali, wake mwenyewe, ikaja kukutana na mkono unaokataa. Kwa miezi kadhaa hakuigusa. Halafu asubuhi moja, akiwa amechelewa kazini, alijichana kwa pupa mpaka machozi yakamlengalenga. Akakaa kitandani na chanuo mkononi, akimkumbuka mama na kigoda chake.

Glavu ya sasa huanza kwa kukishika kifundo cha mkono, kama shina la nywele. Ngumi ikikaza, hewa haiongezwi. Inapunguzwa, inasubiri, kisha inarudi.

"Nimeandika programu yote upya," anasema, "na yote inasema jambo moja tu: akikataa, ngoja."

Mama amekubali ijaribiwe mara moja, basi. Ikimuumiza leo, hatakubali tena.

Saa kumi jioni, nyumbani, mama amekaa kitini karibu na mlango. Anamtazama mwandishi wa makala haya kuanzia viatu hadi kichwani, kisha anauliza kama huyu mgeni ameletwa kumwona mtu mzima akilia. Binti anamvisha glavu. Pampu inanguruma. Ngumi inakaza, pampu inanyamaza.

Wote wanangoja. Pampu inarudi, taratibu zaidi. Kidole gumba kinatoka kwanza, kisha vingine vinafuata. Mama anakitazama kiganja chake kwa muda mrefu, na safari hii hakuna chozi.

Binti anampa chanuo. Linaanguka. Analiokota, anampa tena, na safari hii vidole vinalishika.

Mtafiti anaanza kueleza mipango yake: kuipunguza glavu uzito, kuipeleka kwa wagonjwa wengine hospitalini, na kabla mwaka haujaisha, kusukwa na mama yake.

"Hata mstari mmoja," anasema. "Hata ukipinda."

Mama hasikilizi. Kwa mkono wa kushoto amekwisha kukivuta kile kitambaa, na anachokiona chini yake hakimpendezi hata kidogo.

"Nywele zimekuwa hivi, na wewe una mama?" anauliza. "Lete kigoda. Kaa chini."

Binti anakitoa kigoda nyuma ya mlango, anakifuta vumbi, mama anahamia hapo. Yeye anakaa sakafuni. Chanuo linagusa ncha za nywele, linateleza, linaanguka. Binti analiokota, anampa tena bila kugeuka, kisha anafumba macho.