Siku Buti Lilipotazama Ua

Fundi wa spika akianza kupaka gundi zulia la kufunikia kasha la spika, mimi hutoka nje. Harufu hiyo hunirudisha nyumbani Kola, Jumapili ile baba alipofunga spika mpya na wufa kubwa, ile spika ya besi, ndani ya buti la gari lake.

Siku zote aliegesha gari likitazama mteremko, ili betri ikiisha moto tulisukume liwake. Siku hiyo aliligeuza, akalirudisha nyuma hadi karibu na jikoni. Alitaka buti litazame ua, majirani wasikie. Muziki ulilia mchana kutwa injini ikiwa imezimwa, vikombe vikitetemeka mezani.

Jioni susu, mama yake baba, akabanwa na kifua. Walimlaza kiti cha nyuma tumpeleke hospitali, kichwa chake mapajani mwangu. Baba akazungusha ufunguo. Kimya.

"Kujeni tusukume!" akapiga kelele.

Majirani wale wale waliokuwa wakicheza muziki mchana wakaja, lakini mbele yetu palikuwa na mwinuko, na nyuma ukuta wa jikoni. Gari lilipanda kidogo, likarudi. Likapanda tena, likarudi.

Susu hakufungua macho. Aliniuliza kwa Kikamba kama tumefika.

"Tumekaribia, susu," nikamwambia. Dirishani, ukuta wa jikoni ulikuwa pale pale.