Geti la Chini na Banda la Majani

"Mama Weldon, hiyo shule ni yenu ama ni ya walimu?"

Nyathira aliuliza hivyo akiwa dukani kwake, hapa karibu na Kiptere, huku akimpimia mtu sukari. Hakuuliza kwa ubaya. Wazazi wake walihamia hapa kutoka Nyeri zamani wakafungua duka, na tangu azaliwe ulimi wake haujapewa likizo. Alikuwa amemwona Janeffer, ndiye Mama Weldon, akipanda barabara ya lami kila asubuhi na mjukuu wake mgongoni, mtoto wa Gredi ya Kwanza, sare safi, viatu vinang'aa, amebebwa kama anayepelekwa kliniki kudungwa sindano.

Janeffer alicheka, maana yeye hucheka kwanza ndipo afikiri.

"Shule ni ya Mungu, Mama Steve. Sisi wengine ni wapangaji tu."

"Basi mwambie mwenye nyumba afungue geti!"

Watu dukani waliangua kicheko. Janeffer alimpandisha mtoto vizuri mgongoni akaendelea na mlima. Lakini lile neno alilibeba pia, na kufika juu aliona ni zito kuliko mtoto.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Shule yetu ya msingi iko juu ya kilima, na nyumba za watu wa bondeni, Janeffer akiwa mmoja wao, ziko chini ng'ambo ya kijito. Tangu zamani kulikuwa na geti la chini. Mtoto alivuka daraja la miti, akapanda kijia katikati ya chai, akaingia uwanjani kabla uji haujapoa tumboni. Halafu muhula mmoja walimu walilitia kufuli. Ikabidi watoto wa bondeni wazunguke kwa barabara kubwa, kule malori yanakoteremka kwa fujo, mpaka geti la mbele.

Kwa watoto wengine ilikuwa kuchoka tu. Kwa Nelvine ilikuwa jambo jingine. Alizaliwa na miguu imepinda kwa ndani. Madaktari walimfunga plasta akiwa mchanga, na Mungu akatenda, akatembea. Ila mguu mmoja ulibaki mnyonge. Kijia cha chai alikiweza. Barabara kubwa ilimshinda. Mama yake, anayefanya kazi hotelini Kericho mjini na kuja nyumbani Jumapili, alimwona Janeffer akijikanda mgongo akasema, "Mama, utambeba mpaka lini? Muhula ukiisha na geti bado limefungwa, nitampeleka bweni huko Londiani."

Janeffer alimtazama mtoto wa miaka sita ambaye hawezi kulala kabla hajapakwa mafuta miguuni, akajiuliza ni nani huko bwenini angeyapaka.

Kosa la kwanza alilifanya yeye mwenyewe, na hata leo akilisimulia hufunika mdomo kwa mkono. Asubuhi moja mgongo ulikataa kabisa. Akamshika Nelvine mkono, wakapanda kile kijia cha zamani, na walipofika kwenye ua wa shule Janeffer aliinua seng'enge ya chini kwa fimbo. Mtoto akapita kama kuku. Basi, akamshukuru Mungu, akaenda kuchuma chai.

Kumbe mama mwingine alikuwa anaona. Kesho yake wakapita watoto wake. Kesho kutwa, watoto wa bonde zima. Seng'enge ikalegea, ikalala, na siku moja ng'ombe mwekundu wa mzee Johana akaona mlango umefunguliwa, naye ni mgeni asiyebisha hodi. Akaingia akala sukuma wiki yote ambayo watoto wadogo walikuwa wameipanda na kuinywesha maji kwa chupa zao.

Nelvine alirudi jioni macho mekundu. "Kogo," alisema, maana hivyo ndivyo anavyomwita bibi yake, "ng'ombe amekula mboga yangu. Alipita pale petu."

Pale petu. Janeffer hakulala na neno hilo vizuri. Asubuhi alienda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Gibson, akasimama mlangoni na gambuti zake.

"Mwalimu, ile seng'enge niliinua mimi. Nimekuja kusema kabla hujasikia kwa Nyathira."

Mwalimu Gibson ni mtu mpole lakini siku hiyo alikuwa amekasirika. "Mama Weldon, niliita wazazi tuzungumze juu ya geti hilo kabla sijalifunga. Waliokuja walitosha benchi moja, na mmoja alikuwa amekuja kuuza mayai! Ningefanya nini? Tuliamua walimu peke yetu. Nilisema, wazazi wa hapa hawajali."

"Ulituita lini, Mwalimu?"

"Jumatano. Saa tatu asubuhi."

Janeffer aliangalia vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa majani. Mwalimu Gibson naye aliviangalia. Akajipiga paji la uso.

"Jumatano ni siku ya majani."

"Ndiyo, Mwalimu. Saa tatu kila mtu yuko kwenye mistari. Ukiacha kuchuma, lori la kiwanda linakupita."

"Na mimi mama yangu amechuma chai huko Bomet maisha yake yote! Hakuwahi kuja mkutano wa shule hata mmoja. Nilikuwa nafikiri anaona haya kwa sababu hajasoma." Akatikisa kichwa. "Sikuwahi kumuuliza."

Ndipo Janeffer akamwambia jambo ambalo hakulipanga. "Njoo wewe kwetu, Mwalimu. Njoo banda la majani alasiri. Tukingojea lori hatuna pa kukimbilia. Hata ukihubiri, tutasikiza."

Siku ya majani iliyofuata, Mwalimu Gibson alishuka na Madam Chepkorir, mwalimu wa Gredi ya Kwanza. Banda la kupimia chai lilikuwa limejaa: magunia ya majani mabichi, akina mama wamekalia vikapu walivyovigeuza, plastiki za kuchumia bado viunoni. Mwalimu Gibson alikuja na shati jeupe.

"Karani mpya wa mizani?" mzee Johana aliuliza kwa sauti.

"Huyo ni wa kupima tabia," mwingine akajibu.

"Basi mpimeni kwanza ng'ombe wa Johana!"

Wakacheka mpaka banda likatikisika. Halafu wakauombea mkutano, kwa maana hata bandani Mungu yupo, na Johana mwenyewe akasimama kuomba msamaha kwa ajili ya sukuma. Alisema ng'ombe wake hajasoma, ndiyo maana anapenda shule.

Lakini mzaha uliisha. Mama mmoja wa bondeni alisema wazi, "Walimu, mlifunga geti kwa sababu watoto wetu ni wa bondeni. Wangekuwa wa watu wa lami, lingefungwa?" Watu wakaguna. Janeffer naye aliguna, maana ndivyo alivyoamini moyoni mwake siku zote zile.

Madam Chepkorir alisimama. Ni msichana mwembamba, sauti yake ndogo, na alikuwa amekunja mikono kama anayesikia baridi.

"Niwaambie sababu," alisema. "Vijana wa pikipiki walikuwa wameanza kukatiza uwanja wetu kwa geti la chini ili wasizunguke. Wanakuja mbio. Asubuhi moja watoto walikuwa wanaingia, pikipiki ikatokea. Wengine walikimbia. Mmoja hakuweza kukimbia. Nilimvuta kwa mkoba, tukaanguka wote wawili." Akamtazama Janeffer. "Alikuwa Nelvine."

Vichwa vyote vikamgeukia Janeffer.

"Nilitaka kuwaambia siku ya mkutano, na hamkuja. Baadaye nikaogopa kusema njiani, mtu asije akamzuia mtoto nyumbani. Nelvine mwenyewe aliniomba nisiseme. Aliniambia, Madam, kogo akijua atanikataza shule."

Janeffer alibaki amekaa juu ya kikapu chake. Zile asubuhi zote za kupanda mlima alikuwa amewalaumu walimu kimoyomoyo, hata kanisani akiomba alikuwa anawalaumu. Kumbe geti lile lilifungwa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Aliinuka, akamwendea yule msichana, akamshika mikono yote miwili kwa vidole vyake vyeusi.

"Kongoi," alimshukuru. "Kongoi, mwanangu. Kongoi."

Na hapo hapo lori likapiga honi.

Mkutano ulivunjika kama chungu. Majani hayangoji mtu; yakikaa guniani yanapata joto, yanakuwa mekundu, na karani anayakataa. Kila mtu akakimbilia mizani. Wazazi walidhani walimu wataenda zao. Lakini Mwalimu Gibson alikunja mikono ya shati, akashika gunia la Janeffer upande mmoja, Madam Chepkorir upande mwingine, wakaingia kwenye foleni. Lori lilipoondoka, lile shati jeupe lilikuwa la kijani, na hakuna mzazi aliyeondoka. Walikaa tena, safari hii walimu nao juu ya vikapu.

Wakasemezana hadi jua likashika vilele vya mikaratusi. Walimu walisema la pikipiki, wazazi wakasema la barabara kubwa, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba linalomuuma ni dogo. Mwishowe walikubaliana kwa kuinua mikono, walimu na wazazi pamoja. Geti la chuma litolewe. Pahali pake zisimikwe nguzo kwa kupishana, ili mtoto apite akijigeuza, na pikipiki na ng'ombe washindwe. Mzee Johana alitoa nguzo kutoka kwa miti yake, akasema ni fidia ya sukuma. Asubuhi mzazi mmoja wa bondeni akae pale kwa zamu, na jioni mwalimu wa zamu awavushe watoto. Nyathira, ambaye hana hata mche mmoja wa chai lakini alikuja kusikia maneno, aliahidi mbegu za sukuma mpya.

"Sasa shule ni ya nani?" Janeffer alimuuliza.

"Ya ng'ombe wa Johana," Nyathira alijibu, "lakini amewakodishia."

Nelvine hakwenda Londiani. Hupanda kijia chake polepole, mkono mmoja ukigusa chai, anapita kati ya nguzo, anageuka kumpungia kogo. Jumapili mama yake alikuja kuona, akazipita zile nguzo mara mbili kama mtoto, akamkumbatia Janeffer. Kanisani siku hiyo Janeffer aliimba kwa nguvu hata pasta akamwangalia.

Mwaka huu Mwalimu Gibson alihamishwa. Akaja mwalimu mkuu mpya, Madam Gesare, mama mchangamfu kutoka Kisii. Wiki yake ya kwanza aliwatuma watoto nyumbani na ujumbe: wazazi wote wafike mkutanoni, ajenda ni usalama na mageti, Jumatano, saa tatu asubuhi.

Nelvine aliusema ujumbe huo akiwa amesimama mlangoni, kisha akauliza, "Kogo, watafunga tena?"

Asubuhi iliyofuata haikuwa zamu ya Janeffer, lakini alipanda na mtoto. Nelvine alipita kati ya nguzo kwa miguu yake mwenyewe akaenda darasani. Janeffer aliendelea mpaka ofisini, akavua gambuti zenye tope mlangoni, akamsalimu Madam Gesare kwa mikono miwili na kumkaribisha Kiptere kwa jina la Bwana. Alipewa kiti, akaulizwa amekuja na shida gani.

"Sina shida, Madam, nina ombi moja," alisema. "Usituite asubuhi ya majani. Njoo banda saa tisa, utatukuta wote, na kabla hujaamua juu ya geti, tuamue pamoja."