Kiatu cha Papa Kambale

Nimefika nyumbani na kiatu changu kimoja, na kimoja cha Papa Kambale.

Ngojeni nieleze.

Leo jioni tulikaa tena uani kwa Mama Dhesi, hapa mtaani Saio, kila mtu aseme anachotumaini na anachoogopa. Zamu yangu ikafika. Nikasema amani iko, nitajenga hapahapa Bunia, siogopi kitu. Niliongea vizuri mpaka nikajishangaa.

Mama Dhesi, aliyekimbia vita kule Djugu pamoja na wajukuu wake, akanitazama miguu.

"Weye mutoto, hauogopi, na viatu umefunga kamba mara mbili?"

Kila mtu akaangalia miguu yake. Wote tulikuwa tumevaa viatu, juu ya mikeka. Tangu vita tunakaa hivyo, tayari kukimbia.

"Kwetu," akasema Mama Dhesi, "viatu vilibaki pembeni ya mukeka. Hadisi ikiisha giza imeingia, kila mutu anavaa chenye mguu umepata. Asubuhi munatembeleana kubadilisha, munakunywa chai. Ile chai naikumbuka kupita nyumba yangu."

Akavua vyake.

Papa Kambale, muuza vitambaa kutoka Butembo, akavua pia, akinung'unika kwamba soksi zake zina siri. (Zilikuwa nazo.)

Mimi nilivua wa mwisho. Kamba zilinishinda kidogo, na si kwa sababu ya mafundo.

Hadithi zikaendelea. Hakuna aliyekimbia.

Na ninyi mnaosoma, bado mnakaa na viatu?

Nimemwandikia Papa Kambale kwamba kesho asubuhi napita tubadilishane, aweke maji ya chai motoni.

Amejibu: "Sukari uje nayo."