Kumshikia Mwenzangu Mashine
Kinachonitia hasira mpaka leo ni ile desturi yetu ya kushikiana mashine. Na ubaya wake ni kwamba tuliianzisha wenyewe, sisi wanawake tuliotoka Kongo, wala hakuna aliyetulazimisha.

Karakana ilikuwa Nateete, mtaa wa Kampala, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Ilishona sare za shule. Fundi akikaribia kujifungua alitafuta mtu wake, ndugu au jirani, akamleta akae kwenye mashine yake mpaka arudi. Aliogopa kwamba ikikaa tupu hata wiki moja, bosi ataweka mgeni. Bosi mwenyewe, mama mmoja wa sauti tamu, aliipenda sana desturi hiyo. "Ninyi ni wanangu," alikuwa akisema. "Karatasi za nini kati ya mama na wanawe?" Basi mkataba hakuna aliyekuwa nao. Wana gani hao jamani, hata kuugua hawaruhusiwi!

Jirani yangu, fundi wa kola asiye na mpinzani, alinijia mimba yake ilipofika miezi minane. Mimi nilikuwa sina kazi. "Dada, nishikie mashine yangu. Nikirudi unanipisha." Nikamwambia ondoa shaka. Aliponipeleka karakana aliyarudia maneno hayohayo mbele ya bosi, naye akacheka, akasema sawa.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Baada ya miezi miwili na ushee akapanda zile ngazi, mtoto mgongoni, uso umejaa furaha. Bosi hakumkaribisha hata kiti.

"Wewe uliacha kazi," akamwambia. "Nani analeta mtu mwingine akae mahali pake, kama si kuacha? Asiyekuwepo na lake halipo." Kisha akanigeukia. "Binti yangu, endelea kushona."

Nikaendelea kushona. Sitajipamba hapa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kula nikashiba, basi nikainamisha kichwa, mguu unakanyaga pedali, na mwenzangu amesimama pale ananitazama. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Hakunitukana. Alikwenda kumshtaki bosi kwa afisa wa kazi, na bosi akanichukua mimi niwe shahidi wake. Njia nzima ananifundisha: sema alikuachia kazi, sema alikuaga kabisa. Ati aliniaga! Mwanamke huyo hana haya hata chembe.

Afisa alikuwa mama mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza, kwa hiyo akamwita askari wa getini atutafsirie. Akaniuliza kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, mama, mashine ile ni ya nani?"

Bosi akakohoa.

"Ni yake," nikasema. "Mimi nilimshikia tu. Na bosi alikuwepo tulipoahidiana, alisikia kwa masikio yake."

"Shukrani ya punda ni mateke!" bosi akafoka.

Afisa akafungua kitabu cha sheria. Akasema mwanamke aliyejifungua ana likizo ya siku sitini za kazi, yenye mshahara, na akirudi kazi yake iko palepale. "Hakuhitaji mtu wa kumshikia. Hata mashine ingekaa tupu, ingekuwa yake."

Askari alipomaliza kutafsiri, mwenzangu akaangua kilio. Miaka yote ile wanawake wanahangaika na matumbo yao kutafuta wa kuwashikia, mwingine anarudi mashineni kidonda hakijapona, kumbe sheria ipo! Nikamtazama bosi. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anaijua siku zote.

Mwenzangu alirudi kazini. Nilimpisha kama tulivyoahidiana, na bosi akaapa kwamba sitazikanyaga tena ngazi zake.

Wiki iliyofuata mwanamke wa karakana nyingine akabisha hodi kwangu, tumbo liko mbele. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mtu wa kuaminika, nikishikishwa mashine naiachia.

"Dada, nihurumie, nishikie na mimi."

Unga ulikuwa umeniishia tangu juzi.

"Sikushikii," nikamwambia. "Nenda ukazae. Iache tupu."