Pole Niliyompa Fundi

Bango la kukataza watu kumsemesha fundi akiwa na spana mkononi nililibandika mimi mwenyewe. Nilikuwa msimamizi wa matengenezo katika kiwanda kimoja cha kusaga chokaa, upande wa Kisarawe, na wenzangu walinitania kwamba nikimkuta mke wangu anakata vitunguu nangoja amalize ndipo nimsalimie.

Wiki moja fundi wangu alimzika mama yake huko Magindu. Mimi nakaa Pangani, hapa Kibaha. Kwenda huko si safari ya kutisha. Sikwenda. Nilisingizia kazi, nikatuma rambirambi kwa mkono wa mtu, nikajiambia nitampa pole akirudi. Alirudi upesi, hata tanga halijaanuliwa, kwa sababu nilimpigia simu mimi kwamba mashine ya kusagia imesimama na wenzake wameshindwa.

Nilimkuta amechuchumaa kwenye mota, anakaza bolti za kile chuma kinachoiunganisha na mashine. Aibu ikanishika. Nimwondoe mtu msibani, kisha nimpite bila neno?

"Pole sana, ndugu yangu. Poleni na msiba."

Pole haipokelewi kwa mkono wenye spana. Akaiweka chini, akajifuta grisi kwenye suruali, akasimama anipe mkono.

"Nimeshapoa, bosi."

Nikamuuliza mama aliugua nini. Akanieleza taratibu, machozi yakimlengalenga, nami natikisa kichwa huku simu inatetemeka mfukoni. Meneja alitaka kujua tunawasha saa ngapi. Alipomaliza nikampiga begani. "Kazi ya Mungu haina makosa. Haya, funga tuwashe." Akachukua kifuniko akakifunga. Ndani yake zilibaki bolti zilizokazwa kwa vidole tu.

Mchana ule zililegea, chuma kikachomoka, kifuniko kikaruka na kumvunja mguu mwendesha mashine aliyesimama kando.

Kwenye kikao cha uchunguzi nilikaa ubavuni mwa fundi. Meneja akamuuliza, "Kuna kitu chochote kilikukatiza kazi?"

Akainamisha kichwa. "Hapana. Nilisahau tu."

Nilijua kwa nini alisema hivyo. Muungwana gani atasimama mbele za watu aseme ajali imeletwa na aliyempa pole ya mama yake? Mota ilikuwa nzima na bolti zilikuwa mpya; kilichovunja mguu wa mtu ni haraka yangu, aibu yangu na adabu yake. Hatari ya kumkatiza fundi nilikuwa nikiwafundisha wengine kila Jumatatu, na neno langu moja lingetosha kumwokoa. Nikanyamaza. Wakaandika uzembe, wakamfukuza kazi. Nilimchukia meneja, nikakichukia kikao, nikamchukia kila mtu mle ndani ili nisijichukie mwenyewe, na haikusaidia.

Mwaka huu nilimwona fundi mtaa wa Kwa Mathias, hapa hapa Kibaha, ana kibanda chake cha kutengeneza pampu za maji. Nilimpita mara kadhaa nikijifanya namtafuta mtu mwingine, mpaka aliponiita mwenyewe na kunivutia kiti. Tukaulizana za nyumbani. Mwendesha mashine anatembea, aliniambia. Alikuwa akienda kumjulia hali. Mimi sikuwahi kwenda hata mara moja.

Nikajikaza. "Ndugu yangu, siku ile ya ajali, mimi ndiye..."

"Kaka, acha," akanikatiza. "Najua unataka kunipa pole tena. Wewe ulishanipa. Siku ile niliporudi kutoka kuzika, kila mtu aliniuliza habari za mashine. Wewe peke yako ndiye uliyesimama ukaniuliza mama aliugua nini. Hata mke wangu nimemwambia, pale kiwandani nilikuwa na mtu mmoja."

Mke wake alikuwa pale pale, akanitazama kwa heshima kabisa. Ulikuwa wakati wa kusema. Lakini nilikuwa naitafuta kichwani ile habari aliyonieleza, ugonjwa uliomuua mama yake, na sikuipata. Sikuwa nimesikia hata neno moja.

"Tuko pamoja," nikamjibu.